Miezi Mitatu Kiwandani: Kijana Amekwenda Kujifunza au Kutumika?

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Marekani vinapofunga masomo mwezi Mei, maelfu kwa maelfu ya wanafunzi hawarudi makwao kupumzika. Huingia viwandani, maofisini na katika maabara kwa muda wa wiki 10 hadi 12, wakajifunze kazi pale pale inapofanyika. Miongoni mwa milango inayogombewa sana ni ile ya makampuni makubwa ya magari ya eneo la Detroit, katika jimbo la Michigan: Ford, yenye makao makuu katika mji wa Dearborn, na General Motors, yenye makao makuu Detroit kwenyewe. Dearborn ni mji wenye mojawapo ya jamii kubwa za Waislamu nchini humo, na si ajabu kumkuta kijana wa huko akiomba nafasi katika kampuni aliyoitumikia babu yake. Wapo pia vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma uhandisi, uhasibu na kompyuta katika vyuo vya Marekani, ambao nao hupiga hodi katika milango hiyo hiyo.

Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu barua ya kukubaliwa hupokewa nyumbani kwa furaha kubwa, nayo furaha hiyo mara nyingi huyafunika maswali. Jina la kampuni likishatajwa, nani atauliza kijana atafundishwa nini, na nani, kwa ujira gani, atasali wapi, na ataondoka na nini mkononi? Rai yetu ni kwamba mafunzo ya kazi ni mkataba baina ya pande mbili, kila upande ukiwa na haki na wajibu wake. Si sadaka ya tajiri kwa mwanafunzi, wala si utumishi wa bure wa mwanafunzi kwa tajiri. Familia inayolifahamu hilo humtayarisha mtoto wake ipasavyo. Isiyolifahamu humkabidhi kwa jina tu.

Mlango alioingilia babu

Kampuni ya Ford ilianzishwa mwaka 1903. Mwaka 1910 ilifungua kiwanda kikubwa katika mji wa Highland Park, pembezoni mwa Detroit, na mwaka 1913 ikaanza kuyaunganisha magari katika mstari unaotembea: badala ya fundi kulifuata gari, gari ndilo likamfuata fundi. Muda wa kuunganisha fremu ya gari moja, uliokuwa zaidi ya saa 12, ulishuka hadi takriban saa moja na nusu. Januari 1914 kampuni ikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya ule uliozoeleka.

Habari za dola hizo zilivuka bahari. Wahamiaji kutoka Lebanon na Syria, na baadaye Yemen, walielekea Detroit, na Waislamu walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1921 walifungua msikiti mjini Highland Park, karibu na kiwanda, nao hutajwa kuwa ni miongoni mwa misikiti ya kwanza kujengwa Marekani kwa ajili hiyo hasa. Kampuni ilipojenga kiwanda kikubwa zaidi kando ya mto Rouge, mjini Dearborn, kazi iliyokamilika mwaka 1928, wafanyakazi walihamia huko na kujenga makazi katika kivuli cha mabomba yake ya moshi. Katika miaka ya 1930 nao wakajenga msikiti wao, hatua chache kutoka kiwandani.

Lakini zile dola 5 hazikuja bila masharti. Kampuni ilikuwa na idara maalumu ambayo wakaguzi wake waliingia katika nyumba za wafanyakazi kuangalia usafi, matumizi ya fedha na mwenendo wa familia, na asiyeridhisha hakupewa ujira kamili. Na kazi yenyewe ilikuwa imekatwa vipande vidogo vidogo, hata mtu akaweza kuishika kwa siku chache na kuirudia kwa miaka. Mtu mmoja alikaza skrubu, wa pili akatia nati, wa tatu akaikaza. Wazee wale walilea watoto kwa kazi hiyo ya halali, na Mwenyezi Mungu awalipe. Hata hivyo, mtu aliweza kuunganisha magari kwa miaka 30 bila kuonyeshwa gari linavyobuniwa. Kiwanda kilitaka mikono yao, na mikono ndiyo iliyolipwa.

Mjukuu anayeingia leo kwa mafunzo ya majira ya joto anaingia kwa mlango tofauti. Yeye anakusudiwa kuonyeshwa. Asipoonyeshwa kitu, basi amerudishwa katika mlango wa babu yake, tena pengine bila zile dola 5.

Darasa lilivyoingia kiwandani

Wazo la kumpeleka mwanafunzi kazini kama sehemu ya masomo yake lina historia ndefu nchini Marekani. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, mhandisi na mwalimu aitwaye Herman Schneider alianzisha utaratibu wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana baina ya darasa na kiwanda. Aliamini kwamba yapo mambo ya ufundi ambayo ubao na chaki haviwezi kuyafundisha.

Makampuni ya magari yalilipokea wazo hilo mapema. Mwaka 1916 Ford ilifungua shule ya ufundi kwa wavulana, wengi wao wakiwa wa familia maskini. Walikaa darasani wiki moja na karakana wiki mbili, na walipewa posho wakiwa wanasoma. Shule hiyo ilidumu hadi mwaka 1952. Katika mji wa Flint, kaskazini ya Detroit, ilianzishwa shule ya ufundi wa magari mwaka 1919, na mwaka 1926 General Motors ikaichukua na kuifanya chuo chake. Leo ni chuo kikuu kinachojitegemea, kinaitwa Kettering, na wanafunzi wake bado hupokezana baina ya masomo na kazi.

Kutoka chuo hicho tunapata mfano unaojulikana na wengi. Mwaka 1980 binti wa miaka 18, Mary Barra, ambaye baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha magari ya Pontiac, aliingia General Motors akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi. Kazi yake ya awali ilikuwa kukagua mabati ya bodi ya gari. Januari 2014 alikabidhiwa uongozi wa kampuni nzima. Hatumtaji ili kila mzazi aote mtoto wake kuwa mkurugenzi. Tunamtaja kwa sababu alianza kwa kukagua bati, na yupo aliyemfundisha bati zuri ni lipi na baya ni lipi.

Mwanagenzi hufanya nini hasa

Mzazi aliyezoea gereji huenda akadhani mtoto wake atafungua injini na kurudi na mikono yenye grisi. Katika kampuni kubwa ya magari mambo hayako hivyo. Gari moja jipya huchukua miaka kadhaa kutoka wazo hadi barabarani, na hupita katika mikono ya watu wengi mno. Wasanifu hulichora, kisha hulifinyanga kwa udongo maalumu kwa ukubwa wake halisi, desturi inayoendelea hata katika zama hizi za kompyuta. Wahandisi hugawana bodi, injini au betri, breki, taa, viti na nyaya. Wengine huligongesha ukutani likiwa na masanamu ya watu ndani, ili waone abiria wangeumia wapi. Wapo wanaonunua vipuri kutoka kwa mamia ya makampuni mengine, wapo wanaoandika programu za kompyuta za gari, na wapo wanaopanga namna mabati yatakavyokandamizwa, kuchomelewa na roboti, kupakwa rangi na hatimaye kuunganishwa.

Mwanagenzi hupewa kipande kimoja tu cha bahari hiyo. Huenda akatumia miezi yake yote mitatu juu ya bawaba ya mlango, au fungu la nyaya linalopita chini ya dashibodi, au hesabu za kupunguza sekunde chache katika kituo kimoja cha kiwanda. Mpango ulio mzuri humpa mambo manne: kazi moja iliyoandikwa, yenye mwanzo na mwisho, msimamizi anayejulikana kwa jina, tathmini katikati ya muda, ili makosa yasingoje mpaka siku ya kuaga, na nafasi, mwishoni, ya kusimama mbele ya wakubwa na kueleza alichokifanya. Atakayefanya vizuri huenda akaalikwa tena mwaka unaofuata, au akaahidiwa ajira atakapohitimu. Ndiyo maana makampuni haya huyatazama mafunzo hayo kama usaili wa miezi mitatu.

Anayeyataka hana budi kuwahi. Nafasi za mwezi Juni kwa kawaida hutangazwa tangu Septemba na Oktoba za mwaka uliotangulia, na nyingi huwa zimeshajazwa kabla ya majira ya baridi kwisha. Kijana anayeanza kutafuta Aprili hukuta karamu imeshaliwa.

Swichi moja ndogo

Kuna kijana atakayesema: bawaba ya mlango ina nini cha kujifunza? Jibu lake lipo katika tukio lililotikisa General Motors mwaka ule ule wa 2014. Kampuni ililazimika kuyarudisha kiwandani magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia. Swichi hiyo ilikuwa laini kupita kiasi. Ufunguo ukiwa na shada zito, au goti likiugusa, uliweza kurudi nyuma wenyewe gari likiwa mwendoni. Injini ikazimika, usukani na breki zikawa nzito, na mifuko ya hewa ya kumkinga abiria ikakosa kufunguka wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

Kilichowashtua watu zaidi ni kwamba hitilafu ile haikuwa siri kwa wote. Ndani ya kampuni wapo waliokuwa na dalili zake kwa takriban miaka kumi. Vikao vilifanyika, karatasi ziliandikwa, na kila mmoja akadhani mwenziwe atalishughulikia. Baada ya uchunguzi, wafanyakazi 15 waliachishwa kazi.

Hapa ndipo malezi ya nyumbani yanapokutana na kiwanda. Kijana aliyefundishwa tangu utotoni kwamba amana ni amana, iwe shilingi moja au milioni, na kwamba Mwenyezi Mungu humwona hata msimamizi asipomwona, ana kitu ambacho mtaala wa uhandisi pekee hauwezi kumpa. Qur'an Tukufu inatueleza kwamba Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na akaamrishwa kutengeneza mavazi ya vita na kuzipima vizuri pete zake zinavyoungana. Tuizingatie amri hiyo: Nabii wa Mwenyezi Mungu anaagizwa kuhusu kipimo cha pete, kwa kuwa pete moja ikilegea mkuki utapita. Mwanagenzi akiona kipimo hakikai sawa, aseme, hata kama ni mdogo kuliko wote mezani. Wazazi tumfundishe namna ya kusema kwa adabu. Tusimfundishe kunyamaza ili asipoteze nafasi.

Mzee wa Madyan na ujira

Suala la malipo huwaonea watu haya. Kijana huona aibu kuuliza, na mzazi husema, "Mwache ajifunze kwanza." Katika makampuni makubwa ya magari ya Marekani wanagenzi wa majira ya joto hulipwa ujira, na baadhi ya makampuni humwongezea posho ya malazi anayetoka mbali. Sheria ya kazi ya nchi hiyo, yenye asili yake katika mwaka 1938, inataka mtu anayezalisha kwa ajili ya tajiri alipwe angalau kima cha chini. Anapotaka kutomlipa mwanafunzi, tajiri hukabiliwa na swali: katika mpango huu, mwenye kufaidika zaidi ni nani?

Swali hilo si geni kwetu. Suratul-Qasas inasimulia habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi, kijana asiye na mtu. Aliwanywesheza mifugo mabinti wawili bila kuagana nao malipo yoyote. Baba yao, ambaye wafasiri wengi humtaja kuwa ni Nabii Shuaib (a.s.), hakusema kwamba kijana amejitolea mwenyewe. Alimwita ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Kisha binti mmoja akapendekeza aajiriwe, akimsifu kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mzee akaweka masharti wazi. Muda ulikuwa miaka minane, na kama Musa angeikamilisha kumi ingekuwa ni hiari yake. Akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha. Naye Musa akayakubali mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi.

Katika kisa hicho yamo yote yanayotakiwa katika mkataba wa mwanagenzi: kazi inayojulikana, malipo yanayojulikana, muda wenye kikomo, ahadi ya kutotaabishwa, na shahidi. Mtume wetu (s.a.w.) naye alituhimiza kumlipa mfanyakazi upesi, kabla jasho lake halijakauka. Hakumbagua aliye mwanafunzi.

Swala, mavazi na riba

Mwanafunzi Mwislamu hahitaji kuificha dini yake mlangoni. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri wa Marekani kumpa mfanyakazi nafasi ya kutekeleza dini yake, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisisitiza kwamba mwajiri hawezi kukataa kwa kisingizio cha usumbufu mdogo. Lakini haki haijiombi yenyewe. Ni bora kijana amwarifu msimamizi wake wiki ya kwanza, kwa lugha ya upole na yenye hesabu: "Ijumaa ninahitaji muda fulani mchana, nitaufidia kwa kufika mapema."

Saa za huko zinahitaji kueleweka na anayetoka kwetu. Dearborn iko mbali kaskazini mwa Ikweta. Katikati ya Juni, Adhuhuri huingia kama saa 7:30 mchana, Alasiri kama saa 11:30 jioni, na jua huzama baada ya saa 3 usiku. Kwa anayefanya kazi ya ofisini mpaka saa 11 jioni, Swala inayoangukia ndani ya saa za kazi ni Adhuhuri peke yake, nayo yaweza kuswaliwa wakati wa chakula. Mtihani wenyewe uko usiku: Isha huja karibu saa 5, na Alfajiri huingia kama saa 10. Asiyepanga usingizi wake atapoteza Swala ya Alfajiri au atasinzia mbele ya mashine.

Kwa mabinti, hijabu si kikwazo, lakini ndani ya kiwanda nguo yoyote inayoning'inia ni hatari karibu na mitambo. Mtandio ushikamane vizuri na uingizwe ndani ya vazi la kazi, pamoja na viatu vya chuma na miwani ya kinga kama kanuni zinavyotaka. Kuhusu safari ya binti na makazi yake, wanazuoni wana kauli zao juu ya mahram, na kila familia iulize kwa mwanachuoni inayemwamini kabla ya kutia saini, si baada ya kununua tiketi. Dearborn ina misikiti, maduka ya halali na familia nyingi za Kiislamu, hivyo kutafuta nyumba yenye heshima kunawezekana kwa anayeanza mapema. Na ajabu ya mji wa magari ni kwamba usafiri wa umma ni mchache. Asiye na gari akae karibu na kazi, au awe na mwenzake wa kuaminika wa kusafiri naye.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wa uhasibu na fedha huligundua wakiwa wameshafika. Makampuni makubwa ya magari humiliki makampuni ya mikopo ambayo kazi yake ni kuwakopesha wanunuzi kwa riba. Mwanafunzi aliyeomba "idara ya fedha" aweza kujikuta akiandika mikataba hiyo. Mtume (s.a.w.) hakumlaani mlaji wa riba peke yake, bali na mwandishi wake na mashahidi wake. Kwa hiyo kijana asome tangazo kwa makini na aulize atakuwa upande gani. Gharama za uzalishaji, ununuzi wa vipuri na bajeti za kiwanda nazo ni kazi za fedha, na nafasi zake zipo.

Kibali kabla ya siku ya kwanza

Kijana wa Afrika Mashariki aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ana wajibu wa ziada. Kwa utaratibu wa viza ya F-1, kwa kawaida hutakiwa kwanza amalize mwaka mmoja wa masomo, kisha chuo chake kimpe idhini ya mafunzo kwa vitendo yanayohusiana na fani anayoisoma. Idhini hiyo huandikwa katika hati yake ya chuo, ikitaja mwajiri na tarehe. Kufanya kazi hata siku moja kabla ya tarehe hiyo ni kuvunja masharti ya viza, na hasara yake yaweza kuwa masomo yote. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo wa kuulizwa ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chenyewe. Asiulizwe rafiki, wala mjomba aliyewahi kuishi huko.

Tena yapo matapeli wanaoujua vizuri moyo wa mzazi. Hutuma barua yenye nembo ya kampuni kubwa, wakimwarifu kijana aliyeko Dar es Salaam au Mombasa kwamba amepata nafasi ya mafunzo kiwandani, atume tu ada ya fomu, ya viza au ya bima. Kampuni ya kweli haimtozi mwombaji fedha ili impe nafasi. Panapotakiwa fedha kwanza, familia ifunge mlango.

Na wanaojifunza kwetu

Tumeyasimulia ya Detroit kwa kirefu, lakini wengi wa vijana wetu hawatafika huko, wala si lazima wafike. Magari huunganishwa Nairobi, Thika, Mombasa na Kibaha, na kila mji wa Afrika Mashariki una gereji, karakana na viwanda vidogo. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vyetu huenda huko kwa mafunzo kwa vitendo, ambayo wengi huyaita fildi. Nchini Tanzania fedha za mafunzo hayo ni miongoni mwa mambo yanayokopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayefanya kazi bila malipo aweza kuwa anakopa ili aende kazini, na deni atalilipa kwa miaka. Asiyepata mkopo humwangalia baba yake kwa nauli ya kila siku, na kama nauli haipo, nafasi humwendea mwingine.

Akifika, mara nyingi hakuna anayemtarajia. Hutumwa chai, huambiwa apange mafaili, hukaa benchi akisubiri mtu amwite. Siku za mafunzo zikiisha, daftari lake hugongwa muhuri na anarudi chuoni akiwa na alama nzuri na mikono mitupu. Mwenye gereji atasema hana wakati wa kufundisha. Mwalimu atasema wanafunzi ni wengi. Kila mmoja ana udhuru, na kijana ndiye anayepoteza mwaka.

Tunawasemesha hapa ndugu zetu Waislamu wenye biashara, maana wapo wengi: wauza vipuri, wenye magari ya mizigo, wenye karakana za kuchomelea, wenye kampuni za ujenzi. Hatuwaombi wawe Ford. Tunawaomba mambo ambayo mzee wa Madyan aliyafanya bila ya kuwa na ofisi. Mpokeeni mwanafunzi mmoja badala ya watano, ikiwa mmoja ndiye mnayemweza. Mwandikieni karatasi moja yenye kazi yake, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mpeni fundi mmoja wa kumfuata, na fundi huyo ajue kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake. Mlipeni angalau nauli na chakula cha mchana, na kama jasho lake limewaingizia faida, mpeni haki yake. Mwacheni mwishoni aeleze mbele yenu alichojifunza. Huenda akawaambia lile ambalo mafundi wenu waliona haya kulisema.

Na wazazi, kabla ya kijana kuondoka nyumbani, iwe anakwenda Dearborn au Gerezani, Kariakoo, kaeni naye jioni moja, baba na mama pamoja. Muulizeni kazi yake ni ipi kwa maneno yake mwenyewe. Muulizeni msimamizi wake anaitwa nani, atalipwa nini na lini, atasali wapi, na ataondoka siku gani. Asipoweza kujibu, asilaumiwe. Aandike maswali hayo na kuyapeleka kwa mwajiri. Mwajiri mwema hatakasirika kuulizwa, na anayekasirika ameshatoa jibu lake.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awape walio juu yao moyo wa kufundisha. Amin.